Uso Uliopauka

Saa tatu asubuhi jua linaingia kwa mshazari kupitia dirisha la mashariki na kumwangukia malkia wa vita aliyesimama kwenye kizingiti. Ana milimita 32 kutoka unyayo hadi machoni. Mkuki mkononi, chui miguuni, shuka jekundu limefungwa kiunoni. Ni kijisanamu cha resini, aina ya plastiki ngumu, na kila ushanga wa shingoni unahesabika. Shuka limekaa vizuri. Shaba ya mkuki inameta. Uso ndio umeharibika.

Umepauka.

Hilo ni neno la nyumbani. Mama hulitamka akimdaka mtoto mlangoni, mtoto aliyeoga akachomoka bila kupaka mafuta, magoti na viwiko vimefanya majivu. Malkia ana majivu hayohayo mashavuni, kwenye paji la uso na, ukichungulia vizuri, shingoni pia.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa kwa sababu aliyempaka rangi hakuruka hatua hata moja. Alianza na kahawia, akatia kivuli kwenye mabonde ya uso, kisha akapandisha mwangaza kwa tabaka tatu, kila tabaka akiongeza nyeupe kidogo. Ndivyo video nyingi zinavyofundisha. Uso wa mzungu hutoka hapo ukiwa hai. Uso wa maji ya kunde hutoka kama umefukuliwa.

Tone la maji

Kijisanamu hupauka kwa sababu zaidi ya moja, na ukitibu sababu isiyo yake unaharibu rangi bure. Kipimo ni rahisi. Chovya brashi safi kwenye maji, lowesha mahali palipopauka, utazame kabla hapajakauka.

Weupe ukitoweka pakiwa maji, kisha ukarudi pakikauka, tatizo liko juu ya rangi. Pana vikwaruzo na chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga, na maji yamezifunika kwa muda. Hapo mshukiwe ni vanishi iliyofanya ukungu au mvuke wa supa glu. Weupe ukikaa palepale, umo ndani ya rangi yenyewe.

Shingo ya malkia ilirudi kuwa kahawia. Mashavu hayakubadilika.

Magonjwa mawili, mwili mmoja.

Shingo

La shingo ni jepesi. Kichwa kilipakwa rangi kikiwa peke yake, kimechomekwa kwenye kijiti, halafu kikagandishwa mwishoni. Utaratibu wenyewe ni mzuri, maana brashi haifiki chini ya kidevu kichwa kikishakaa mahali pake. Lakini supa glu hukauka kwa msaada wa unyevu, na mvuke wake hutua kandokando ya kiungo na kuganda kama unga mweupe. Itie kwa wingi, ufungie kijisanamu kwenye kopo, na iwe Aprili mvua inanyesha: unga huo utauona hadi masikioni.

Dawa ni kutia kidogo. Usibonyeze chupa juu ya kijisanamu. Weka tone kwenye kifuniko cha soda, chukua kiasi cha punje ya ulezi kwa kijiti cha meno, gusa kiungo, kisha uache hewa ipite. Kwa kuwa kiasi hicho hakibebi uzito, shingo itiwe pini. Toboa pande zote mbili kwa drili ya mkono ya milimita 0.8, kina milimita 3 hivi, uingize waya wa shaba au kipande cha klipu ya karatasi. Matundu yasiyotazamana ndiyo huwakatisha watu tamaa. Tia doa la rangi mbichi kwenye ncha ya pini, bana vipande viwili pamoja mara moja, na doa litakuonyesha pa kutoboa upande wa pili.

Gundi ya modeli za plastiki usiiguse kwa kazi hii. Ile huyeyusha plastiki ya polistirini ili pande mbili ziwe kitu kimoja. Resini haiyeyuki kwa gundi hiyo, basi inabaki juu tu, inanata kama asali.

Nyeupe

Mashavu ndiyo yenye kesi.

Ile nyeupe iliyomo karibu kila chupa ni dioksidi ya titani, yenye namba PW6 ukisoma nyuma ya tyubu. Inafunika kwa nguvu na inarudisha mwanga wa kila rangi karibu sawasawa. Kahawia haifanyi hivyo. Kahawia inameza buluu, inaachia nyekundu na manjano, na joto lote la ngozi limo katika hizo mbili. Ukitia nyeupe umeongeza mwanga, na papo hapo umelizima joto. Kahawia inasogea kuelekea kijivu chenye uwaridi, kama chai ya maziwa iliyopoa ikafanya utando. Na kama kahawia yenyewe ilitiwa rangi nyeusi ili ikolee, mambo yanazidi: nyeusi na nyeupe zikikutana huzaa kijivu, toka lini zikazaa kingine?

Uso wa mzungu unavumilia kwa sababu nyeupe imo tangu tabaka la msingi. La tatu linaongeza tu kilichokuwepo. Kwenye ngozi nyeusi, nyeupe ni mgeni, na ni mgeni asiyejua kukaa kimya.

Historia ya tabia hii inajulikana na sitaikalia. Hadi 1962 Crayola waliita krayoni moja ya waridi hafifu Flesh, yaani nyama ya mtu, ndipo wakaiita Peach. Citadel nao, chapa ya rangi za vijisanamu, kwa miaka mingi walikuwa na Elf Flesh na Dwarf Flesh, na elf huyo wa hadithi na mbilikimo huyo wote walikuwa wazungu. Leo chupa za kahawia zimejaa madukani. Kilichobaki nyuma ni hatua. Watu wamebadilisha chupa ya kwanza wakaacha zinazofuata vilevile, kana kwamba ngozi nyeusi ni ngozi nyeupe iliyoanzia ngazi ya chini.

Steji ya Kencom, saa sita na nusu

Jua la Nairobi hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu, wala si saa sita kamili. Mwezi Machi na Septemba linapita karibu wima juu ya utosi, maana tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Wachora vijisanamu wana mbinu ya kupuliza praima, yaani rangi ya awali ya kushikisha nyingine, nyeusi kila upande, halafu nyeupe kutoka juu tu, ili kuigiza mwanga wa namna hiyo. Sisi tunao bure, steji ya Kencom, kwenye nyuso za watu wanaosubiri matatu.

Tazama bila kukodoa macho, watu hawapendi.

Mahali panapong'aa ni padogo kuliko unavyodhani: paji la uso, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, ukingo wa mdomo wa chini. Na mng'ao huo hauna rangi ya ngozi. Una rangi ya anga, weupe wenye buluu kidogo, kwa sababu ni anga inayojitazama kwenye jasho na mafuta. Kuuzunguka, kahawia haififii, inazidi kuwa nyekundu, kama udongo wa Kiambu ukilowa. Chini ya taya mwanga unarudi kutoka kwenye lami na kupasha kidevu joto hafifu. Na ndani ya tundu la jicho, pale ambapo chupa inasema "tia nyeusi", pana kitu kilicho karibu na zambarau.

Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna ngozi inayopokea mwanga, na kuna mafuta yanayouakisi. Kwenye uso mweupe vinakaribiana mpaka unaweza kuvichora kwa chupa moja. Kwenye uso mweusi vimeachana kabisa, na anayevichanganya ndiye anayepata majivu.

Kwenye sahani ya rangi

Msingi: sehemu mbili za amba iliyochomwa (kahawia ya udongo), PBr7, na moja ya nyekundu ya oksidi, PR101. Ongeza buluu ya ultramarini, PB29, kiasi cha ncha ya sindano. Mwenye Citadel achanganye Rhinox Hide na Mournfang Brown nusu kwa nusu. Zimua kwa maji hadi iwe kama maziwa, upake mara mbili, ukiacha ya kwanza ikauke kabisa.

Kivuli: msingi huohuo na ultramarini zaidi, au zambarau, uliozimuliwa sana, sehemu moja kwa nne. Macho, kando ya pua, chini ya mdomo, chini ya taya. Nyeusi ikae kwenye chupa yake.

Mwangaza wa kwanza ni msingi na nyekundu ya oksidi. Kwenye sahani utaonekana mwekundu mno, na hapo ndipo mkono huanza kutafuta nyeupe. Uzuie. Ukikauka juu ya kahawia unatulia. Wa pili ongeza manjano ya oksidi, PY42, au Skrag Brown kwa wenye chupa hizo, ukae kwenye nusu ya juu ya kila kilima: shavu, pua, kidevu, paji. Kwa ngozi ya maji ya kunde manjano yaongezeke; kwa mweusi tititi yapungue na ultramarini ya msingi ipande. Kikosi cha watu kumi kisiwe na uso mmoja. Ukibadilisha kipimo hicho kila watu watatu, wataonekana wametoka nyumba tofauti.

Halafu nukta za anga. Nyeupe, buluu kidogo, kahawia kidogo ya kuivunja makali. Nne kwa uso mzima, tano ukiwa mkarimu, kila moja ndogo kuliko nukta ya kalamu. Hapa nyeupe inaruhusiwa, maana unachora anga.

Viganja na nyayo ziwe hafifu na zenye uwaridi, na mistari ya kiganja ibaki kahawia. Wengi hulisahau hili, kisha wakajiuliza kwa nini mkono unaoshika mkuki unafanana na glavu. Mdomo wa juu uwe mweusi kuliko wa chini. Jicho lisiwe jeupe pe. Nyeupe iliyotiwa kahawia inatosha, la sivyo malkia atakuwa kama ameona jini.

Kuhusu rangi za tyubu kutoka duka la vifaa vya shule: zinafaa, ila nyingine zimesagwa kwa chembe kubwa, na chembe hiyo kwenye shavu la milimita mbili ni jiwe. Jaribu kwanza mgongoni mwa ngao. Zizimue kwa midiamu ya akriliki, kile kimiminika cha kuzimulia kisicho na rangi, kuliko maji, kwa sababu maji yakizidi rangi hukosa kishikizo na kukauka kwa miduara kama doa la chai. Januari na Februari rangi hukauka kwenye brashi kabla haijafika usoni. Kopo la chakula, sifongo iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi: inakaa mbichi siku nzima. Karatasi ya nta haifai, hairuhusu maji kupita.

Shavu lenye mstari

Nukta ya anga ina ubaya wake. Inafichua.

Uso mkavu wa rangi moja huficha mengi. Ukishaweka mng'ao mdogo kwenye shavu, kila kasoro ya resini chini yake inajitokeza: mstari ulioachwa na kiungo cha kalibu, kishimo cha povu la hewa, ngazi za tabaka kama kilichapishwa kwa mashine ya 3D. Kwa hiyo ngozi nyeusi nzuri huanza kwenye beseni.

Resini ya kumimina huja na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu, dakika tano, suuza, acha ikauke usiku. Usipofanya hivyo rangi itang'oka kwa ukucha, tena kwenye pua, maana pua ndiyo hushikwa na kila mtu. Mstari wa kalibu ukwangue kwa mgongo wa kisu, usiukate kwa makali, kisha msasa wa 600 na wa 800 ukiwa na maji. Maji hayo ni ya kulinda mapafu zaidi ya kulainisha. Vumbi la resini halifai kuvutwa, na lile ulilolimwaga kwenye zulia litavutwa na wengine. Vishimo vya povu vijazwe puti ya epoksi ya sehemu mbili iliyokandwa sawa kwa sawa, ikitulizwa kwa kifaa kilicholowa maji ili isinate. Mkuki uliopinda uchovye kwenye maji ya moto sekunde 30 hadi 60, unyooshe, utie kwenye maji baridi. Yaliyochemka papo hapo ni makali mno kwa kipande chembamba, hata kama hapa kwetu maji huchemka karibu digrii 94 kwa sababu ya mwinuko. Yaache yapoe kidogo.

Vilivyochapishwa kwa mashine vina mkosi wa ziada, na huo nao ni wa kupauka. Kikitoka kwenye pombe ya isopropili kikiwa hakijasafishika, kikaanikwa kwenye mwanga wa kuigandisha resini kingali kimelowa, kinafanya utando mweupe kama chaki. Safisha mara mbili, ya pili kwenye pombe safi, kausha kabisa, ndipo uanike. Glavu za nitrili muda wote. Resini mbichi huzoesha ngozi mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki. Jua letu la mchana linatosha kukigandisha, tena linazidi. Kigeuze, dakika chache kila upande. Ukikisahau kibarazani tangu asubuhi hadi jioni, vidole vya malkia vitakatika ukimgusa.

Kisha praima. Mafundi wa jua kali wanaochomea mageti wamekuwa wakianza na red oksaidi kabla sisi hatujajua praima ni nini, na rangi hiyo ya matofali ndiyo msingi bora kabisa wa ngozi nyeusi. Joto linachungulia kutoka chini ya kila tabaka. Ila ile ya kopo la brashi ni nzito mno kwa kazi hii, na baadhi ya zile za kupuliza zinazouzwa kwa wapaka magari pale Kirinyaga Road zimetengenezwa kujaza mikwaruzo ya bodi. Hazitofautishi mkwaruzo na kope. Ijaribu kwenye kipande cha ziada cha resini. Tikisa dakika mbili, umbali wa sentimita 20 hadi 25, mipulizo mifupi. Ukipulizia mbali kwenye upepo wa Februari, inakauka hewani na kutua kama mchanga.

Mita moja

Sasa shaka yangu, na bado sijaimaliza.

Kijisanamu hiki ni cha mchezo. Kitatazamwa kutoka mita moja, juu ya meza, chini ya taa ya dari, katikati ya wenzake arobaini. Uso mweusi uliochorwa kwa ukweli, ukiwa na ukubwa wa punje ya mbaazi, kwa umbali huo unaweza kuwa tundu tu. Huenda aliyetia nyeupe alilijua hilo, alitaka malkia aonekane.

Nimeligeuza hili pande zote. Kuna wanaosema basi ongeza tofauti, pandisha uso mzima ngazi moja. Sikubali, maana kupandisha uso mzima ni kumbadilisha mtu. Linalofanya kazi zaidi ni kuzidisha chumvi kwenye rangi: mwangaza wa pili uwe karibu na chungwa, zaidi ya unavyoona kwenye uso wa kweli, na kivuli kiwe buluu zaidi. Kutoka mita moja jicho linasoma joto dhidi ya baridi, linauona uso. Kingine ni jirani. Ushanga mweupe shingoni, hereni ya shaba, ukingo wa shuka: hivyo ndivyo vibebe weupe. Wasamburu na Wamaasai wanajua kazi ya ushanga mweupe kando ya ngozi nyeusi, hakuna haja ya kuwafundisha wala kutafuta video.

Hata hivyo mita moja ni mita moja. Kuna nyuso zitakazopotea chini ya taa mbaya, na hilo bado linanikereketa.

Mafuta

Vanishi ya kufifisha mng'ao, inayopulizwa juu ya kila kitu mwishoni, inaua ngozi nyeusi kwa dakika moja. Inafanya shuka liwe kitambaa na ngozi nayo iwe kitambaa. Ipulize, ndiyo, ikilinde kijisanamu na vidole vya wachezaji, kisha rudi kwa brashi na vanishi ya nusu mng'ao juu ya ngozi peke yake. Ndiyo mafuta yake ya kujipaka. Nukta za anga zinaamka hapohapo.

Usipulize asubuhi ya Julai kukiwa na ukungu na baridi, wala jioni ya mvua. Unyevu ukinaswa ndani ya vanishi, au kopo lisipotikiswa mpaka unga wa kufifisha mng'ao ulio chini uchanganyike, kijisanamu kizima kinafanya barafu. Ikitokea hivyo, tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa mara nyingi hukirudisha. Wapo pia wanaopaka mafuta ya zeituni kwa brashi, wakaacha usiku kucha, wakapangusa asubuhi. Mama wa pale mlangoni asingeshangaa.

Shingo ya malkia ilitulia hivyo, kwa vanishi ya kung'aa kisha ya nusu mng'ao. Mashavu yalitaka rangi: nyekundu ya oksidi na amba, tone moja kwa sita za midiamu, ikitandazwa nyembamba kama maji ya majani, dakika ishirini kati ya tabaka na tabaka. La kwanza halikuonyesha kitu. La pili likaanza kupasha joto chini ya macho. Kwa la tatu majivu yalikuwa yameshuka kila mahali isipokuwa mgongo wa pua, ambapo nyeupe ilipakwa nene mno. Pale pakawekwa nukta ya anga.